Jicho Lisilo na Ugonjwa

Mountain View, Nairobi
9 Februari 2025

Dada Selpher,

Ungetaka nianze kwa kusema mimi ni mzima na nakutakia uzima. Mimi si mzima, na ndiyo maana nilikukatia simu Jumapili. Sijuti. Mtu anakuambia jicho linamuuma tangu mwaka juzi, nawe unamwuliza kama analala na simu usoni. Dada, hiyo simu siwezi hata kuitazama. Mwanga wake unaingia kwenye jicho la kulia kama sindano ya kushonea magunia. Meseji zako hunisomea huyu mume wangu Maxwell, na huzisoma kwa kuiga sauti yako, jambo ambalo halimsaidii mgonjwa.

Kwa hivyo naandika. Karatasi haina mwanga, nafumba jicho moja, na hapa huwezi kunikatiza. Vifurushi vyako huja na basi la Kimilili kila mara, basi weka majibu humo humo kwenye njugu.

Sasa nisikilize tangu mwanzo, maana kwenye simu hujawahi kunifikisha mwisho. Maumivu yako nyuma ya jicho, si juu yake. Asubuhi huniachia nafasi ya kupika chai. Ikifika saa nane, nikiwa kazini kwa Mungai, ni kama mtu ameweka kidole gumba ndani na anasukuma kuja nje. Unajua kazi yangu ni mashine ya kudarizi nembo za sweta za shule. Juzi nilimdarizia simba wa shule moja ya Dagoretti akatoka na mkia begani.

Nilianza na wale wa miwani pale mjini, wanaokushika mkono mlangoni: "Madam, eye test ni free." Wa kwanza akanipa miwani. Wa pili akaicheka miwani ya wa kwanza, akanipa yake. Wa tatu akasema sihitaji miwani, ila ninunue ile ya kuzuia mwanga wa kompyuta. Sina kompyuta. Nikaenda kwa daktari Westlands, akanimulika hadi machozi yakanitoka, akasema, "Jicho lako ni zuri sana." Wa Muthangari naye akasema hivyo hivyo. Nimechoka kusifiwa jicho. Huyo wa Muthangari akaongeza, "Nyumbani kuko aje? Hakuna stress?" Nikamwambia stress ninayo, nimeipatia hapa kwake.

Usinitumie ushauri. Nitumie njugu.

Mdogo wako,
Nasimiyu


Kimilili
22 Februari 2025

Nasimiyu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama dada na mara ya pili kama mwalimu. Kama dada nimekuhurumia. Kama mwalimu nasema mwandiko wako umeharibika tangu ulipoolewa.

Umesema nisikutumie ushauri. Huu si ushauri, ni dawa. Iko ndani ya soksi, katikati ya njugu, isivunjike. Ni ya matone, tia asubuhi na jioni. Nimeipata kwa Gerishon wa duka la dawa pale sokoni. Wewe humjui, nilimfundisha hesabu darasa la sita na alikuwa kijana mwenye akili. Usishangae chupa haina karatasi. Gerishon hubandua karatasi za dawa zote zilizo nzuri, ili watu wasichukue jina wakaenda kununua kwingine. Hiyo ni biashara, simlaumu.

Mimi mwenyewe naitumia mwaka wa tatu sasa. Unakumbuka macho yangu yalivyokuwa yakiniwasha wakati wa mahindi kuchanua, nikiyasugua mpaka wanafunzi wanadhani nimefiwa. Yamekwisha. Leo macho yangu ni meupe kama ya mtoto, na barua hii naiandika bila miwani. Wale madaktari wako wa ghorofani wamekupa nini zaidi ya sifa?

Hapa hatujambo. Quincy bado yuko kazini Eldoret, ameniachia mke wake tuvumiliane. Maurine ni msichana mzuri lakini hana utaratibu. Kila siku anahamisha vitu. Jana kigoda nilikiacha ukutani, nikakikuta njiani kwa mguu wangu. Ukiuliza, anasema hajakigusa.

Tia dawa, uache kugombana na watu wa mjini.

Dada yako,
Selpher


Mountain View
23 Machi 2025

Dada Selpher,

Kuna jambo linaniudhi kuliko jicho lenyewe: dawa yako inafanya kazi. Siku ya kwanza niliitia kwa hasira, macho yote mawili, ili nikuandikie kwamba imeshindwa. Jicho likapoa. Ule wekundu wa kulisugua usiku kucha umekwisha kabisa. Yale maumivu ya ndani bado yapo, lakini yamepunguza kiburi. Haya, furahi.

Wekundu ulikuwa umeniletea balaa yake. Kanisani kwetu walishaamua kwamba Maxwell ananipiga. Hakuna aliyeuliza. Walikuja tu, akina mama kwa vitambaa vya rangi moja, wakajaza sebule, wakaimba, wakaombea ndoa yangu huku mume wangu akiwapakulia chai. Maxwell, ambaye kuku wa Krismasi huchinjiwa na jirani. Walipotoka, mzee mmoja akambakiza mlangoni: "Bro, kama kuna kitu hapa kwa nyumba, uongee na sisi wazee mapema." Tangu siku hiyo Maxwell hafungui mdomo nikiwa nimevaa miwani ya jua, anaogopa majirani.

Mungai amenitoa kwenye mashine, ameniweka kaunta. Anasema ni kwa ajili ya afya yangu. Mashine amempa msichana mgeni, na nasikia wateja wanamsifu simba wake. Dada, mimi nimeishi kwa mashine ile. Nikiwa kaunta mimi ni mtu yeyote tu anayekata risiti. Kama jicho halitapona kabla ya msimu wa Januari, hatanirudisha, na hatanibakiza kaunta vilevile, maana kaunta ana shemeji yake.

Chupa inakaribia kwisha. Mwambie huyo Gerishon wako atafute nyingine. Na usianze kuringa.

Nasimiyu


Kimilili
13 Aprili 2025

Nasimiyu mdogo wangu,

Siringi. Nasema tu kwamba nilijua.

Nakutumia chupa mbili. Gerishon amefurahi sana kusikia dawa yake imefika Nairobi, na sasa anawaambia wateja kwamba watu wa mjini wanaiagiza kwake. Hata Stellah wa kinu cha unga ameanza kuitumia kwa ushuhuda wako.

Habari za hapa ni za kuchosha. Watu wa stima wametubadilishia kitu kwenye nguzo, sasa kila balbu jioni inazungukwa na miduara ya rangi, kama upinde wa mvua. Nimelalamika ofisini kwao, kijana mmoja akanitazama kama nimerukwa na akili. Kanisani nako wanasema nimekuwa na maringo. Mke wa mchungaji eti alisimama kando yangu, akanisalimia, nikamwacha hivyo hivyo. Mtu akitaka kunisalimia si aje mbele yangu? Wanawake wa siku hizi wananong'ona ubavuni kisha wanadai hujawajibu.

Na Maurine sasa ameanza na ndoo ya maji. Kila nikiingia jikoni, iko njiani. Nimeipiga teke, maji yote yakamwagika kwenye unga. Nilimgombeza mpaka nikamhurumia. Anasema ndoo iko palepale inapokaaga, kushoto mwa mlango. Sipendi mtu anayebishana na macho yangu.

Jikaze kwa Mungai. Ukipona utaichukua mashine yako.

Dada yako,
Selpher


Mountain View
15 Juni 2025

Dada Selpher,

Maumivu yamerudi. Jicho ni jeupe, zuri, la kupigwa picha, na ndani linawaka. Sasa hata huruma sipati, maana halionekani kuwa na kitu. Mungai juzi aliniambia, "Si umepona? Mbona sura ni ya matanga?"

Nilipata barua ya kwenda hospitali ya umma, kliniki ya macho. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikajua watoto wote wa jirani zangu kwa majina. Mwishowe nikaingia kwa Daktari Nzula, mwanamke wa umri kama wako, Mkamba, hacheki ovyo. Akapima kila kitu. Nikasubiri asifu. Akavua glavu akasema, "Sijui, Mama. Bado sijui ni nini. Lakini naamini inauma."

Dada, nililia pale kitini kama mtoto. Watu wote hao, pesa yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anaamini.

Lakini kuna jambo jipya. Alipima presha ya macho, akaikuta iko juu, macho yote mawili. Akasema hiyo siyo inayoniuma, hiyo huwa haiumi, lakini hataki kuiona hapo. Akauliza ninatumia dawa gani. Nikammwagia mezani mfuko mzima wa chupa za Westlands na Muthangari. Akazisoma moja moja, akatikisa kichwa, hakuona yenye kosa. Amenipa matone ya kushusha presha, na hayo yanachoma kuliko pilipili. Nikishayatia, natia ya Gerishon juu yake ili macho yapoe.

Kwa hivyo nitumie nyingine. Imebaki kidogo.

Nasimiyu


Kimilili
29 Juni 2025

Nasimiyu,

Umeketi kwenye benchi siku nzima ili kuambiwa "sijui"? Hiyo ningekuambia mimi bila foleni. Huko chuoni wanawafundisha nini siku hizi? Lakini nimefurahi kwamba amekuamini, hilo ni jambo jema. Nami nakuamini, ingawa sikusema.

Dawa hiyo hapo, kwenye soksi ya pili. Achana na hiyo inayochoma. Dawa nzuri haichomi.

Mimi nimeponea chupuchupu. Nilikuwa navuka barabara pale sokoni, bodaboda akatoka kushoto, bila honi, bila adabu, akanipita akaing'oa kamba ya mkoba wangu. Kijana mzima ananipigia kelele, "Mathe, si uangalie!" Niangalie nini na yeye hakuwapo? Vijana hawa wataua watu.

Kusoma neno kanisani nimeacha. Mchungaji amewapa vijana, nami nimeona ni vyema, nimesoma miaka mingi.

Maurine anakusalimu. Amehamisha mpaka kabati.

Selpher


Mountain View
3 Agosti 2025

Dada Selpher,

Jana nilikupigia kwa simu ya Maxwell. Nilipotaja Gerishon tu, ukakata. Basi soma, na usiikunje hii barua kabla haijaisha.

Nilirudi kwa Daktari Nzula. Presha imepanda zaidi badala ya kushuka. Akakasirika, si kelele, ule ukali wa kunyamaza. Akasema, "Kuna kitu unaweka kwa hiyo macho na hujaniambia." Nikaapa hakuna. Dada, niliapa kwa dhati. Chupa yako ilikuwa kwenye mkoba kando ya kitana. Sikuwahi kuihesabu kama dawa. Dawa ni ile inayotoka hospitali. Yako ilikuja ndani ya njugu, kutoka nyumbani. Nani huenda kwa daktari akaorodhesha njugu za dada yake?

Nilipotafuta kitambaa cha kujifutia, ikadondoka. Akaiokota, akaigeuza. Gerishon hubandua karatasi, lakini chini ya chupa kuna maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki, na hayo hakuyakumbuka. Daktari akayasoma, akaketi. Hiyo dawa ni steroidi. Ni dawa ya kweli, madaktari wanaitoa, lakini kwa muda mfupi na kwa kupimwa. Inapoza wekundu na mwasho upesi sana. Na ukiendelea nayo, kwa watu wengine, inapandisha presha ya macho kimyakimya. Presha hiyo inaua mshipa wa nyuma unaopeleka picha kichwani. Inauua kuanzia pembeni, polepole. Mtu haumwi. Anaona mbele vizuri, anasoma, anaandika bila miwani, huku pembeni kunazimika, na kilichozimika hakirudi.

Mimi nimewahi, ni miezi tu. Kisha akaniuliza, "Ni nani mwingine anatumia hii?" Nikasema dada yangu, mwaka wa tatu. Akaweka kalamu chini.

Dada, nilikuwa nakusoma kila mwezi na kukucheka na Maxwell. Balbu zenye miduara ya rangi. Mke wa mchungaji aliyesimama kando. Bodaboda aliyetoka kushoto na hakuwapo. Kigoda, ndoo, kabati. Sisi tulisema, Selpher amezeeka, amekuwa mkali. Hakuna anayehamisha vitu vyako. Huvioni.

Acha hiyo dawa leo. Keti, ufunike jicho la kulia kwa kiganja, utazame mbele, umwambie Maurine ainue mkono upande wa kushoto. Kisha panda basi uje Nairobi. Nauli nitatuma. Nakuomba, na unajua siombi.

Nasimiyu


Kimilili
10 Agosti 2025

Nasimiyu,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka.

Macho yangu hayaumi. Anayeumwa ni wewe. Wewe ndiye uliyezunguka mji mzima ukitafuta ugonjwa, na kwa kuwa wameukosa kwako, mmeamua kuuweka kwangu. Nilikutumia dawa kwa upendo, umenirudishia kwamba mimi ni kipofu na Gerishon ni mwuaji.

Sina haja ya kufunika jicho mbele ya mke wa mwanangu kama mtoto wa chekechea. Nauli usitume.

Selpher Nekesa


Kimilili
24 Agosti 2025

Mama Mdogo Nasimiyu,

Shikamoo. Ni mimi Maurine. Barua hii nimeishona kwenye mfuko wa unga wa mtama ili Mama asiione, maana nikipiga simu anasikia kila kitu, masikio yake yako sawa kabisa.

Barua yako ya mwezi huu aliiacha mezani siku nzima, nikaisoma. Samahani kwa hilo. Mimi nilikuwa nafikiri Mama hanipendi. Nilimwambia Quincy nataka kuhamia Eldoret, nimechoka kugombezwa kwa vitu ambavyo sijafanya. Ile ndoo, Mama Mdogo, sijawahi kuihamisha hata siku moja.

Nilifanya ulivyosema, lakini bila yeye kujua. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikasimama kushoto kwake na sufuria, karibu kabisa, ningeweza kumgusa. Nikainua mkono, nikaupunga. Aliendelea kuchambua. Nikasema "Mama," akashtuka akamwaga maharagwe yote, akaniambia niache kunyatia watu kama mwizi.

Kanisani si mchungaji aliyempa kijana kusoma. Alikuwa anasoma Zaburi, akawa anaruka mwanzo wa mistari, maneno hayaungani, watoto wakacheka. Akafunga kitabu akaketi.

Na dawa bado anaitia. Nimeona. Nikiimwaga atanunua nyingine. Nifanye nini?

Ni mimi,
Maurine


Mountain View
31 Agosti 2025

Maurine mwanangu,

Hii ni fupi. Usibishane naye. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, yenye jina lake. Mpe, uondoke chumbani. Akianza kufungasha, msaidie, na usicheke. Kwenye basi mkalishe dirishani upande wa kushoto, ili asipate mtu wa kugombana naye upande huo.

Eldoret isubiri kidogo.

Mama Mdogo


Mountain View
31 Agosti 2025

Dada Selpher,

Umeshinda. Yale ya Gerishon tusiyazungumze.

Naandika kwa sababu nimekwama. Jicho langu limezidi. Daktari Nzula amenipa siku ya vipimo, na baada ya vipimo hivyo huwa wamekutia matone ya kutanua mboni, huoni kitu mpaka jioni. Wanataka mtu wa kunishika mkono. Maxwell amenyimwa ruhusa kazini. Rafiki sina, wote waliishia kwenye yale maombi ya ndoa. Nikienda peke yangu nitaanguka kwenye ngazi, na wewe ndiye utakayekuja kunizika na kulalamika njia nzima.

Huhitaji kuamini daktari wangu. Njoo tu uketi karibu nami kwenye benchi, umwambie usoni kwamba hajui kazi yake. Nani mwingine atamwambia?

Mdogo wako,
Nasimiyu


Mountain View, Nairobi
21 Septemba 2025

Maurine,

Nimefika salama, ingawa mlinipakia kama mfuko wa viazi.

Nasimiyu alinidanganya. Nilijua hivyo tangu kituoni, maana mtu niliyekuja kumshika mkono ndiye aliyenishika mimi kwenye ngazi zote, tena akinivuta upande wa kushoto bila kusema. Pale kliniki nesi akatoka na faili, akaita, "Selpher Nekesa." Nikamtazama mdogo wangu. Akatazama dari. Ningeondoka, lakini sikujua mlango uko wapi, nami sikutaka kumwuliza mtu.

Huyo Daktari Nzula nilimwambia wazi kwamba macho yangu hayaumi. Akasema, "Najua, Mama. Hiyo ndiyo shida." Kisha wakanikalisha mbele ya mashine kama bakuli jeupe, nikaweka kidevu, wakafunika jicho moja, wakanipa kitufe. Kazi ni rahisi: ukiona kidoa cha mwanga, bonyeza. Nikasubiri. Hakikuja. Nikasubiri tena. Nilifundisha miaka mingi, najua chombo kibovu nikikiona, nikamwambia msichana anayeiendesha, "Mwanangu, hii imekufa." Akasema, "Inawaka, Mama. Imekuwa ikiwaka tangu tuanze."

Nikamrudishia kitufe chake.

La kushoto karibu limekwisha. La kulia linaona mbele, pembeni limeliwa. Kilichokwenda hakirudi, daktari hakunificha, na kwa hilo namheshimu. Kilichobaki wanaweza kukilinda kwa matone ya kila siku, maisha yangu yote, na huenda upasuaji. Yale yanayochoma. Nayatia, na yanachoma kweli.

Jicho la Nasimiyu bado halijapata jina. Daktari anadhani ni mishipa ya fahamu, amempa vidonge vya kujaribu, akamwambia asitarajie muujiza. Mungai anataka jibu kabla ya Desemba, na jibu hana. Asubuhi tunakaa mezani, yeye analalamika, mimi namsikiliza mpaka mwisho. Siulizi tena habari za simu. Kama jicho lile lisingemuuma na kumfanya asumbue kila daktari wa mji huu, mimi ningeendelea na macho yangu meupe mpaka siku ya giza. Sijui namna ya kumshukuru mtu kwa maumivu yake, kwa hivyo nampikia.

Nenda kwa Stellah leo, usingoje kesho, umwambie aiache ile dawa na aende akapimwe. Gerishon mwache, usimwambie neno. Nitamwendea mwenyewe, ataketi mbele yangu kama alivyokuwa akiketi darasa la sita, na ataniletea kila karatasi aliyobandua.

Quincy ameniambia kuhusu Eldoret. Ukitaka kwenda, nenda, sitakuzuia wala kukusema. Ila nilitaka ujue kwanza hili, nami naliandika kwa sababu kulisema nitashindwa: nilikugombeza kwa kigoda, kwa kabati, kwa maharagwe, na wewe ulikuwa ukifuta maji na kunyamaza.

Narudi mwezi ujao. Usipange chochote upya kwa ajili yangu, nataka kuikuta nyumba kama ilivyo. Ndoo iache kushoto mwa mlango. Ndipo ilipokuwa siku zote.

Mama yako,
Selpher